Tarakimu Ishirini za Kamembe
Mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, uko jirani na mto unaozungusha mitambo ya Ruzizi II, kituo cha pamoja cha Rwanda, Burundi na Kongo, lakini umeme, hata ukishafika mlangoni, husubiri kidole cha mwenye nyumba. Mita ya malipo ya kabla, nduguye LUKU ya Tanzania, ina kompyuta ndogo iliyopachikwa ndani, nayo husoma tarakimu moja moja: kibonye kikibonyezwa, programu hungoja kitulie, kwani mguso hudundadunda na mbonyezo mmoja ungeweza kuhesabiwa mara tatu, kisha huitia tarakimu kwenye bafa, yaani kijaluba cha kumbukumbu, na kurudi lindoni. Tokeni, yaani namba ya umeme ulionunuliwa, ina tarakimu 20. Ya 19 ikikosewa gizani, kwa mwanga wa simu inayokata roho, mita huzikataa zote bila haya. Kalenda ya mita haikujaliwa subira ya programu hiyo: tokeni za STS, kiwango cha mita za malipo ya kabla, zilikuwa zikipigwa muhuri wa dakika zilizohesabiwa tangu 1993 katika nafasi ya biti 24, iliyojaa tarehe 24 Novemba 2024, hivyo kabla ya siku hiyo mita zilipaswa kulishwa tokeni mbili za ziada, yaani tarakimu 40, zikibonyezwa, bila shaka, moja moja.