Excel Haioni Mwezi

Bwana Takwimu katua Kigoma na laptopu, shati limenyooshwa kuliko uso wa ziwa asubuhi. Excel yake ina mistari 1,048,576 kwa kila jedwali. Tanganyika, hata penye kina kabisa, ni mita 1,470 tu, ziwa limeshashindwa.

Kamwaga daftari la mwalo kwenye jedwali, kapiga fomula, kapaka seli rangi kama doti ya kitenge. Nusu beseni ya dagaa, aliyoiandika 1/2, ikageuka tarehe. Hakuona. Alichoona ni siku kadhaa kila mwezi zikiwaka nyekundu: boti hazikutoka, mapato sifuri. Akaandika pembeni: "Uzembe sugu, unajirudia."

Unajirudia kweli, tangu enzi za karabai. Dagaa huifuata taa gizani. Mbalamwezi ikitanda, hata taa za sola hazina mvuto, na wavuvi hubaki nchi kavu kushona nyavu. Bibi mmoja mwanika dagaa wa Kibirizi alipoonyeshwa ule wekundu, aliuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo mashine yako haina dirisha?"

Sasa Bwana Takwimu anatafuta fomula ya kuusogeza mwezi mpevu uangukie wikendi.