Sifa za Mgeni wa Saa Nane Usiku

Mashujaa wana sanamu zao, na maharusi wana washereheshaji wa kuwamwagia sifa hata wasizokuwa nazo. Mgeni wangu hana mtu. Leo nimesimama kumsifu yeye: joto la kukoma hedhi.

Mimi ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Joto la Januari nalijua. Nimelala nalo, nimekwenda nalo kazini, nikajidanganya kwamba nimehitimu. Mgeni wangu akaja kunionyesha kuwa lile lilikuwa chekechea. Huanzia chini ya matiti, akapanda kifuani, shingoni, hadi masikioni, kwa kasi ya maziwa yanayofurika jikoni ukigeuka kidogo tu. Moyo unakimbia. Dakika mbili tatu ameshaondoka, amekuachia dera limelowa mgongoni na kabaridi kanakotambaa.

Na hana makuu, hata jina hajitaji. Mwanzoni nilidhani ni malaria. Nilipima mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Wadudu hakuna, kipimajoto kinasema 36.8. Mara ya tatu muuguzi, mama wa makamo, akanitazama juu ya miwani.

“Dada, mara ya mwisho kuziona siku zako ni lini?”

Nikahesabu kwa vidole: mwaka na miezi miwili. Akacheka, akavuta droo, akatoa kipande cha boksi la glavu na kuanza kujipepea. “Karibu chamani.”

Ndiye aliyenieleza. Ndani ya ubongo kuna mlinzi wa joto la mwili, haipothalamasi. Homoni ya estrojeni ikipungua, mlinzi huyu anakuwa na wasiwasi kama askari mgeni getini: joto likipanda kidogo tu, jambo ambalo zamani angelipuuza, anapiga filimbi kana kwamba nyumba inaungua. Mishipa ya ngozi inafunguka, jasho linamwagika, kikosi kizima cha zimamoto kimetoka kwa sababu ya paka aliyeruka ukuta. Nani kati yetu ana mfanyakazi mwenye bidii kiasi hicho?

Lakini utukufu wake hasa ni usiku. Feni iko namba tano, mimi nimejitupa upande wa dirisha, na mzee wangu amejikunyata ukutani ndani ya blanketi, Machi, Dar es Salaam! Umeme ukikatika natoka barazani na kipepeo changu cha ukili. Hapo ndipo mgeni amenipa elimu. Najua nani mtaani anarudi saa nane na viatu mkononi. Namjua pia anayemwaga taka kwenye mtaro wetu kisha anakuwa wa kwanza kulalamika kwenye kikao cha mtaa. Nimemtunzia.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu yuko mwaka wa nne na jembe amelikataa. Wapo wanaokaa naye miaka saba na zaidi. Nimejifunza anachokipenda, nikamnyima: chai ya moto ya tangawizi, pilipili, kahawa. Hupungua kidogo, halafu hununa, halafu hurudi. Zipo dawa za homoni, na zinasaidia kweli, ila hazimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Hilo ni la kuzungumza na daktari, siyo na muuza mizizi wa stendi. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa isiyo ya homoni, fezolinetant, inayomtuliza yule mlinzi mwenyewe. Dukani mtaani kwetu sijaiona.

Kwenye kikoba chetu siku hizi vitabu vya hisa vina kazi mbili, kuandikia na kujipepea, na mtu anasema wazi, “Jamani, ameshanifikia,” wenzake wanamsogezea kiti mlangoni. Mama yangu hakuwa na kiti hicho. Alikuwa akiacha chungu jikoni ghafla, akaenda kusimama peke yake chini ya mwembe, mgongo ametupa sisi. Tulidhani amekasirika. Tulikaa kimya na kuulizana nani kamuudhi.

Lakini sifa zangu zina mpaka. Damu ikirudi baada ya kukauka mwaka mzima, huyo si mgeni wangu, usimsingizie, nenda hospitali. Na jasho la usiku linalokuja na kikohozi na kukonda, hilo nalo lina mwenyewe mwingine.

Ukinikuta kwenye daladala ya Mbagala nimekaa siti ya dirishani, kioo kiko wazi na mvua inaingia, usiniombe nifunge. Njoo na koti.