Ufagio Usiwe Kiboko

Msyuuu! Niacheni nisonye kwanza, ndugu zangu, maana jana jioni nilisikia neno lililonikwama kooni kuliko kashata kavu.

Tulikuwa hapahapa kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, kete za bao zinalia, birika la kahawa liko juu ya mkaa. Wakapita watoto watatu wa kidato cha kwanza, sare zimejaa majani hadi magotini, kila mmoja na fyekeo lake. "Shikamooni." Tukaitika. Mzee wetu mmoja, uso umemkunjuka kwa furaha, akawauliza, "Mmetoka kujitolea wapi, wajukuu zangu?" Mdogo wao akasema, "Hatukujitolea, babu. Tulichelewa namba, tukapewa kufyeka."

Hakujibu kwa jeuri. Alisema kweli yake. Kwake yeye fyekeo lina maana moja tu: umekosa.

Sasa niambieni, mtoto huyu atakuja kulipenda lini? Fyekeo ndilo tunalosafishia makaburi ya wazee wetu. Jembe ndilo tunalozibulia mtaro kabla masika hayajatuingilia ndani. Ufagio ndio unaotangulia arusini na msibani, kabla hata turubai halijafungwa. Vitu hivi kwetu vilikuwa vya heshima, tukaviingiza shuleni, tukavifanya ndugu wa kiboko. Halafu siku mwenyekiti wa mtaa akiita watu kwenye msaragambo, vijana hawaonekani, sisi wazee tunashika viuno na kulalamika kwamba watoto wa siku hizi wavivu. Wavivu wapi? Wamefundishwa miaka mingi kwamba anayeshika jembe ni mkosaji, nao wamefaulu somo.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nami nimepita humo. Shule niliyosoma, aliyeshikwa akisema Kiswahili siku ya Kiingereza alipewa kudeki vyoo. Yaani lugha ya mama yangu ilikuwa kosa, na usafi ulikuwa adhabu ya kosa hilo. Viwili kwa mpigo! Nilikuwa na miaka 13. Ilinichukua muda mrefu mno kushika ufagio bila kuhisi kuna mtu anayenicheka nyuma yangu.

Na Mwalimu Nyerere hakututuma hivyo. Machi 1967 alipotoa Elimu ya Kujitegemea alitaka shule iwe na shamba, naam, lakini alitaka wanafunzi washiriki kuamua walime nini, na waone wenyewe faida au hasara ya walichoamua. Shule nyingi zikabaki na jembe, zikaacha kule kuamua. Jembe bila uamuzi ni utumwa mdogo, na mtoto wa miaka 13 analijua hilo vizuri sana hata asipolisema.

Tuuzungumzie umri wenyewe, maana hapa ndipo tunapojikwaa. Miaka 12 mpaka 15, watoto wa darasa la mwisho la msingi na vidato viwili vya kwanza. Wazee wetu waliuogopa umri huu, wakauheshimu. Ndio umri ambao katika makabila mengi ya huku pwani na bara mtoto alipelekwa jandoni au akafundwa na kungwi. Sisemi turudishe kila kilichofanyika kule, mengine yaliumiza na bora yasirudi. Lakini walijua jambo moja: mtoto akifika hapo, jamii nzima inamshika mkono, inampa siri zake na kazi zake. Akitoka, ana nafasi mtaani. Leo akifika hapo tunampa tuisheni, Jumamosi pia. Kwa kutumwa dukani ameshakuwa mkubwa, kwa kuulizwa jambo bado mdogo. Kisha tunashangaa anapotafuta rika lake kwingine!

Mwenzetu mmoja kijiweni akasema, basi serikali imeshaleta dawa, kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, na kidato cha kwanza wanalisoma. Nalikubali somo hilo kwa mikono miwili, tena ni la Kiswahili. Ila maadili hayakai kwenye daftari peke yake. Na utamaduni nao tumeufanya kitu cha kuchezea wageni. Watoto wanafunga kaniki na njuga, wanapangwa juani tangu asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi, wanacheza mdumange dakika tano, wanapigiwa makofi, basi. Waulize ngoma ile ni ya nani, huchezwa kwa nini, hawajui. Hakuna aliyewaambia. Msyuuu!

Nendeni Tongoni muone tulivyo matajiri. Shikeni barabara ya Pangani, si safari ya kulala njiani. Kuna magofu ya msikiti wa mawe wa zaidi ya miaka 500, na makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, mengine yana nguzo juu yake. Nguzo nyingi zimeanguka. Mwaka 1499 Vasco da Gama akirejea kutoka India alipita bahari ya upande wetu huu, mabaharia wake wengi wamekufa kwa maradhi, akaichoma moto moja ya meli zake, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Watu wa mwambao huu waliyaona matanga yale. Na upande huohuo wa kusini ndiko Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na Machui, alikozikwa mwaka 1962. Watoto wetu wanasoma vitabu vyake ili wajibu mtihani. Wangapi wamewahi kusimama kwenye kaburi lake wakamwombea dua?

Mimi ningeanza hapo Tongoni. Darasa moja tu, lisiwe shule nzima yenye filimbi na msururu. Watoto waende mara moja kwa mwezi, mwaka mzima, mahali palepale, mpaka pawe pao. Wakutane na mtunzaji wa magofu kabla ya mtu yeyote kugusa jani, kwa sababu kuna mizizi iliyopasua ukuta na sasa ndiyo inayoushikilia. Ukiing'oa kwa pupa umeangusha kilichosimama karne tano. Na mawe yale hayasuguliwi kwa brashi ya waya, chokaa ya zamani haivumilii. Mtoto akielezwa hivyo anajua amekabidhiwa kitu cha thamani, hakutumwa kufyeka nyasi. Huo ndio mpaka wenyewe kati ya kujitolea na adhabu, wala hauhitaji bajeti.

Kando ya kila kikundi akae mzee au bibi wa kijiji. Simu tunazozilaani hizi zifanye kazi: watoto wamrekodi bibi akitaja majina ya miti ya mikoko, akieleza maji kujaa na kupwa kunafuatanaje na mwezi, nani alijenga kisima, nani alikufa kwa tauni gani. Wayaandike. Wayasome mbele ya mtaa, wazazi wakiwapo. Na watoto wenyewe ndio waamue mwezi ujao wanafanya nini, hata wakiamua kupanda mikoko badala ya kuokota takataka ufukweni. Wakikosea, wakapanda pale mawimbi yanapopiga na miche yote ikazolewa, waache waone. Watauliza wavuvi, safari ya pili watapanda kwenye tope tulivu.

Najua mzazi atasema, "Mwanangu nilimpeleka kusoma, sikumpeleka kufyeka." Namwelewa mzazi huyo, kwa sababu naye alifyeka kwa adhabu, na jeraha lake bado bichi. Hatumkaripii. Tumwalike siku bibi anapozungumza, aketi jamvini amsikilize mwanawe akiuliza maswali. Walimu nao nawasihi, kwa heshima zote, maana mzigo wao naujua: mtafutieni mchelewaji adhabu nyingine. Msiguse ufagio.

Jana, nikiyasema haya kijiweni, nilipofika hapo nilikuwa nimesimama, kahawa imemwagika nusu. Kumbe wale watoto watatu hawakuondoka, walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta wakisikiliza. Yule mdogo akalaza fyekeo chini, akasogea.

"Babu, wale waliozikwa Tongoni kwani walikuwa akina nani?"

Mzee wetu hakumjibu upesi. Aliufunika ubao wa bao, akajisogeza kwenye benchi mpaka ikapatikana nafasi ya watoto watatu.