Kila Ukoo na Nduna Wake

Zunguka Songea nzima, pita Namtumbo mpaka Peramiho, hutampata Mngoni ambaye babu yake alibeba vyungu. Wote babu zao walikuwa manduna, viongozi wa vita. Waliokuwa nyuma wakiongozwa, sijui walizaa wapi.

Nilipopewa ukatibu wa kamati ya mkutano wa ukoo, nilitakiwa kuandika nasaba yetu ichapwe kwenye kijitabu cha Desemba. Mwenyekiti ni baba mdogo, mwalimu mstaafu, na yeye nasaba alikuwa nayo kichwani. Mzee wetu alitoka kusini na jeshi la Zwangendaba. Akavuka Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, tayari kijana wa mkuki. Akapigana Majimaji mwaka 1905. Akanyongwa na Wajerumani mwaka 1906, pamoja na Nduna Songea Mbano. Mwaka 1915 akamzaa babu.

"Baba mdogo," nikasema kwa adabu, "hapo mwishoni naona pana utata."

"Wewe andika. Utata tutaujadili kwenye kikao."

Kikao kikakaa. Muda wote ukaishia kwenye rangi ya fulana.

Nikaenda parokiani kwetu kutafuta daftari la ubatizo. Wabenedikti walifungua misheni Peramiho mwaka 1898, kwa hiyo karatasi za zamani huku hazikosekani. Tatizo ni kwamba kila mtoto wa kiume wa miaka hiyo anaitwa Bonifasi, na baba zao wameandikwa kama majina yao yalivyosikika masikioni mwa padri Mjerumani. Babu nilimwona katika kurasa kadhaa, kila ukurasa ana mama mwingine. Nikamchukua yule mwenye mwandiko unaosomeka.

Ikabaki kwa bibi. Bibi alizaliwa wakati wa nzige, zaidi ya hapo hataki kuulizwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea sukari?"

Nilikuwa nayo, ndiyo maana nilijibiwa. Nikamsomea nasaba ya mwanawe. Nilipofika Zambezi alicheka mpaka akakohoa.

"Zambezi gani? Mzee wenu alikuwa Mndendeule. Wangoni wamefika, wamemkuta shambani analima. Wakamtwisha mizigo. Basi naye akawa Mngoni."

"Na kunyongwa?"

"Huyo ni mwanawe, na hakunyongwa mtu. Walionyongwa walinyongwa. Wa kwenu alikimbilia porini. Angekuwa shujaa, wewe ungeletwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Waliovuka Zambezi walikuwa wachache. Jeshi lilinenepa njiani kwa mateka, Wasenga na Watumbuka, na huku kwetu likawameza Wandendeule na Wanindi. Wajukuu wao wote wakajiita Wangoni, wakashika ngao. Tukihesabu kwa haki, wengi wetu ni watu wa vyungu, na mimi binafsi namshukuru sana yule aliyekimbia. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, njaa ikaua wengi kuliko risasi, lakini yeye akatoka porini akiwa hai, akaoa, akalima. Kama kuna mtu anastahili kuchorwa kwenye fulana, ni yeye, anaonekana mgongo.

Baba mdogo nilipompelekea taarifa hii alisema mama amezeeka. Isitoshe fulana zilishachapwa, zina ngao na mikuki miwili.

Ningeishia hapo mambo yangekuwa shwari. Lakini kijitabu kilikuwa na pengo la miaka ya mwanzo ya 1950, babu hayupo popote, nikarudi na sukari nyingine. Bibi akasema alikwenda mkonge. Hilo halikunishangaza, kwani SILABU, ofisi iliyoajiri vibarua wa mkonge, ilisomba vijana wengi wa Songea kwenda mashamba ya Tanga, wakakatishwa mkonge kwa kipande mpaka viganja vikachanika.

"Alirudi hali gani, bibi?"

"Alirudi mnene." Akakoroga chai taratibu. "Mkonge haunenepeshi mtu."

Nikauliza kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kama kuna anayejua habari za babu huko Muheza, Tanga. Shangazi mmoja, ambaye kumbe alijua siku zote, akaongeza namba moja. Namba hiyo ikaongeza nyingine. Kulipokucha kundi lilikuwa limejaa watu wenye jina letu la ukoo, pua ya babu, na lafudhi ya Tanga, wanauliza mchango ni shilingi ngapi na kama fulana zipo za saizi kubwa. Mama yao alikuwa Mbondei. Mkubwa wao amemzidi baba mdogo umri, na kwa mila zetu kiti cha mwenyekiti ni chake. Amekwisha kutuma sauti ya dakika nne akitusalimia kama watoto.

Baba mdogo alikaa kimya siku nzima. Usiku akanipigia simu, ananong'ona, akitaka nimchunguzie kama kuna Mbondei yeyote aliyevuka Zambezi.