Garanti Ilishaliwa

Watu wa Bukavu wanaamini kwamba mwenye nyumba wa Nyalukemba kazi yake ni kukaa barazani, kutazama Ziwa Kivu na kupokea dola mwisho wa mwezi. Waje basi wiki ambayo mpangaji anahama.

Mama aliyekuwa akikaa katika nyumba yetu ya chini, ile ya kushukia ngazi, amehama. Ameaga kwa heshima, amewabariki watoto, ameomba msamaha kama kuna mahali alitukosea. Kisha hakuondoka. "Papa, na garanti yangu?"

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 iko wazi: nyumba ya kuishi garanti yake isizidi miezi mitatu, na mpangaji akitoka arudishiwe. Walioitunga walikuwa na moyo mzuri, ila sidhani kama walikuwa na watoto shuleni. Garanti ya mama huyu iliponifikia ilikuta minervali inanisubiri mlangoni, na iliyobaki ikawa mabati ya upande wa jikoni. Mabati hayabanduliwi kumpa mtu. Kwa hiyo tunafanya kama wenzetu wote: garanti ya anayeingia ndiyo inayomlipa anayetoka. Wapangaji wanalipana wao kwa wao, mimi nimelala katikati kama daraja la Ruzizi, kila mtu anapita juu yangu na mizigo yake.

Ubaya ni kwamba anayeingia hatoi pesa kabla ya kuona nyumba safi, na nyumba haiwi safi kabla yeye hajatoa pesa. Mama anaijua hesabu hii kuliko mimi. Ameacha godoro katika chumba cha nyuma na kufuli mlangoni. Garanti ya garanti.

Nikakopa, nikaita mafundi. Wa rangi alitazama dari ya jikoni, akacheka peke yake, akauliza kama tulikuwa tunakausha sambaza humo. Ni moshi wa mbabula, makala ya miaka yote hiyo. Mama nilipomwonyesha hakupepesa jicho: "Papa, nilikuta ni vile." Alikuta nyeupe, niliipaka kwa mkono wangu, lakini nani atabishana na mtu anayemdai? Fundi akasema rangi ya maji haitafaa, moshi utatokeza tena, lazima tuanze na ya mafuta. Sijawahi kumsikia fundi akisema kwamba cha bei ndogo kinatosha.

Halafu kuna ufa wa sebuleni. Huo ni kumbukumbu ya tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lile la 5.9. Kila anapokuja mpangaji tunauziba na kuupaka rangi, na kila mpangaji akishalipa, unarudi. Mama watoto ameshauri tutundike kalenda. Ufa unapanda mpaka darini. Labda tupate kalenda ya karne nzima.

Nilitaka pia kujaribu taa, ila umeme haukuwepo. Uchafu nao una mkono katika mambo haya ya giza: chupa za plastiki zinateremshwa na mvua kutoka milimani, zinaingia ziwani, zinaelea polepole hadi pale ziwa linapogeuka kuwa Ruzizi, kisha zinakwenda kuziba mitambo kwenye bwawa la umeme. Nyuma ya nyumba, watoto wa mama waliniachia rundo zima la hizo chupa. Majirani wananiambia nizitupe kwenye mfereji, mvua itazibeba. Itazibeba, ndiyo, mpaka kwenye mashine, halafu mpangaji mpya abonyeze swichi mbele yangu na pasiwake kitu. Zimo kwenye gunia, chini ya ngazi. Nikimwona mtu anayejua pa kuzipeleka nitamshukuru.

Zamani hatukuteseka hivi. Huku Muhumba na Nguba nyumba ilichukuliwa na ONG: walilipa miezi mingi kwa mpigo, wakaleta jenereta yao, wakapaka rangi yao, wakaweka hata mlinzi. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zilifunga milango na wengi wa wageni wale wakaenda zao. Sasa dola ni ile iliyo mfukoni, na ikichanika pembeni, hata kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, hakuna anayeitaka.

Komisionere wa nyumba akaniletea kijana mmoja na mkewe. Komisionere hulipwa na mpangaji, lakini kwangu pia hakosi kuomba "ya sukre". Kijana ni mtu wa adabu, jambo lililonitia wasiwasi mara moja. Alifungua bomba, bomba likakohoa. "Papa, maji yanakuja?" Yanakuja usiku, nikamwambia, na hilo ni kweli, ingawa sikutaja ni usiku gani. Aliitazama kalenda kwa muda mrefu kuliko mtu anayetafuta tarehe. Kisha akagonga mlango wa chumba cha nyuma, akaliona kufuli, na ikabidi nimweleze yote.

Hakukasirika. Alisema, kwa upole ule ule, "Basi Papa, heri mimi nimpe huyo mama mwenyewe mkononi, wewe usisumbuke."

Mama akaitwa. Walikaa uani kwangu, wakahesabiana garanti yangu kwenye meza yangu, na mimi nikatumwa viti. Mama aliinua kila noti juani, akakataa mbili, kijana akazibadilisha bila neno. Nilikuwa narudi na kiti cha mke wa kijana nilipomsikia mke huyo akiuliza kwa sauti ya chini, "Mama, utuambie kweli, nyumba hii ikoje?"

Mama akafunga pochi yake, akajiweka sawa kitini. Alianza na kalenda.