Namna ya kulichanja tairi chale

Kwanza tafuta tairi. Nasema tairi, si kipara. Kuna madereva wa njia ya Masasi na Newala ambao mvua za Desemba zikianza tu wanamkimbilia fundi mwenye kisu, wanamwonyesha mpira unaong'aa na kumwambia, "Fundi, nichongee kashata." Huyo haombi chale. Anaomba marehemu apakwe wanja.

Ukitaka kujua lako ni tairi au ni kipara, inama uangalie ndani ya mifereji. Utaona vituta vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani kwa kimo cha milimita 1.6. Kashata zikiisha hadi zikalingana na vituta hivyo, mazungumzo ya kisu yamefungwa. Chini yake mpira ni mwembamba, kisha nyuzi na waya. Kisu kikizifikia, maji yanaingia, waya zinakula kutu, na siku ya siku linapasuka kwenye mteremko, gari likiwa limesheheni akina mama wanaotoka gulioni. Kuna matairi ya malori ambayo kiwandani yaliongezewa mpira ili yaweze kuchongwa upya, nayo yana neno REGROOVABLE ubavuni. La Noah yako halina neno hilo. Usilisome kwa imani.

Haya, tairi ni zima. Sasa jua unachofanya, kwa sababu kuchonga na kuchanja ni kazi mbili. Anayechonga anaondoa mpira ili kupata mfereji. Anayechanja anapitisha wembe tu, haondoi hata chembe. Ukiinua mkono mkato unajifumba na tairi linaonekana halijaguswa. Kazi inaonekana gari likisimama juu yake: kashata inajikunja, kila mkato unafunuka kidogo, na mahali palipokuwa na ukingo mmoja wa kung'ata sasa pana kingo nne au tano. Mmarekani John F. Sipe aliandikisha ubunifu huu mwaka 1923. Inasimuliwa kwamba alikuwa akifanya kazi machinjioni, akachoka kuteleza kwenye sakafu iliyolowa, akachana soli za viatu vyake. Wengine husema alikuwa baharia. Kwenye matairi ufundi huo ulishamiri miaka ya 1950, mpira ulipoboreshwa ukaweza kuvumilia wembe bila kuchanika.

Lete wembe mkali wenye kizuizi cha kina, na maji ya sabuni kwenye kopo. Sabuni ndiyo siri: mpira mkavu unamng'ang'ania fundi, anaongeza nguvu, wembe unachomoka na kumwachia chale yeye. Lowesha, weka wembe katikati ya kashata, vuta kwako taratibu kwa mkono mmoja usiosita. Chana kwa kukata njia, yaani kutoka ubavu mmoja kuelekea mwingine, maana huko ndiko kunakosaidia kusukuma na kufunga breki. Acha kingo za kashata bila kuzigusa, la sivyo kokoto zitazimega vipande vipande. Wala wembe usishuke hadi usawa wa sakafu ya mfereji. Ukishapita hapo umeshaingia kwenye nyumba ya waya, na nimekwishasema nini kinaishi humo. Kaka wa bodaboda, wewe weka wembe chini. Meno ya tairi lako ni madogo. Ukiyachana yatakatika kabla hujalipa marejesho ya pikipiki.

Swali ambalo wachanjaji wengi hawaulizi ni hili: unakwenda wapi? Chale zinasaidia juu ya kitu kigumu kilicholowa. Mawe ya Masasi baada ya mvua, sawa. Lami iliyonyeshewa, sawa kabisa. Barabara ya udongo mwekundu iliyoshindiliwa, ambayo juu inateleza na chini bado ni ngumu, hapo utashukuru. Lakini tope zito la bondeni linaziba mikato yote kabla hujabadili gia. Huko linatakiwa tairi lenye mifereji mipana inayotapika tope.

Na juu huku kwetu, Newala, Mkunya, njia za kwenye mikorosho kuelekea Tandahimba, adui si utelezi. Ni mchanga. Mchanga mzito wa uwanda wa Makonde hauna habari na chale zako. Dereva anakwama, anakanyaga mafuta, tairi linachimba, anashuka kukagua kashata kana kwamba zimemsaliti, kisha anatangaza kwamba msimu ujao atachanja zaidi. Bwana, toa upepo! Hicho ndicho kifaa chako na ni bure. Gari dogo linalotembea na upepo wa PSI 32, shusha hadi 18 hivi. Tairi linajilaza, linakuwa refu pale linapogusa chini, uzito unasambaa na gari linaelea badala ya kuzama. Usikate kona kwa kasi, na ukifika kwenye barabara ngumu jaza tena kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi legevu likienda mbio linachemka hadi kupasuka. Maana yake ununue pampu. Pampu ya miguu inatosha.

Hapa nina ugomvi na wenye magari. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo yanaingia benki, na mvua zinabisha hodi wakati uleule. Huo ndio muda pekee ambao mtu wa uwanda huu ana fedha ya tairi jipya mkononi. Naona spika mpya kwenye buti, naona taa za rangi chini ya bampa, naona maandishi mapya kwenye kioo cha nyuma, na chini yake vipara vinne. Abiria anayelipa nauli hadi hospitali ya Mkomaindo hakulipia spika. Nunua mawili mwaka huu, mawili mwakani. Kagua tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, usije ukauziwa zee lililopakwa rangi.

Vipara ulivyovua usimwachie fundi, maana kesho vitakuwa kwenye gari la jirani. Vipeleke kwa wanaoshona katambuga. Na ukipenda, waombe wakuchanjie soli.