Nane Hadi Moja: Trisikli ya Vyuma Chakavu kwa Makoro ya Majengo

Majengo, hapa Goma, ukisikia nyundo kabla jua halijapanda, ujue kuna baiskeli iliyokufa inafufuliwa. Leo tufufue tatu kwa mpigo, tutoe moja: trisikli ya mtu mzima ya kuzungusha kwa mikono, kwa yule ambaye miguu yake imegoma lakini biashara yake haijagoma. Tutahesabu kurudi nyuma, kutoka kinachoweza kusubiri hadi kisichosubiri hata dakika. Papa fundi, nimeona unaunyoshea mkono mtambo wa kuchomelea. Zima kwanza.

8. Rangi na kengele
Mvua ya Goma haibishi hodi, kwa hiyo paka rangi yoyote utakayoipata, mradi ikae kati ya chuma na kutu. Kengele iwe na sauti ya mama anayeita watoto. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikishuka na magunia haina muda wa kusifu rangi yako.

7. Kiti
Kiti cha plastiki kilichovunjika miguu kinafaa sana: kata, funga juu ya mabomba mawili, tandika sponji. Kiwe na mgongo. Anayezungusha kwa mikono husukuma kwa mabega, na mabega yasiyo na pa kuegemea husukuma hewa. Kimo chake kilingane na kiti cha kawaida cha nyumbani, ili mtu ahamie bila kuinuliwa kama gunia la muhogo. Na usikipandishe kwa fahari: twiga akikata kona kwa kasi, huanguka.

6. Mahali pa mzigo
Hapa ndipo pesa inapokaa, basi nivumilie. Nenda Petite Barrière, pale Goma na Gisenyi zinapopeana mikono, uone watu wenye ulemavu wakivuka mpaka na trisikli zilizosheheni bidhaa. Kinshasa, kwenye bandari ya Beach Ngobila, wenzao wamefanya kazi hiyo miaka mingi, wakivuka mto kwenda Brazzaville. Na wale wanamuziki wa Staff Benda Bilili, wengi wao wakiwa juu ya trisikli, walitoka mitaa ya Kinshasa na albamu yao ya Très Très Fort ya 2009 ikawapeleka kwenye majukwaa ya Ulaya. Kwa hiyo usinitengenezee kigari cha kumwonea mtu huruma. Nitengenezee lori!

Mzigo ukae chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukiuning'iniza nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele litakuwa jepesi, nalo ndilo linalovuta na ndilo linaloongoza. Farasi aliyeinuliwa kwato hawezi kuvuta.

5. Vyuma
Fremu za baiskeli nzito za zamani, Phoenix na jamaa zake, ni za chuma na hukubali kuchomelewa. Fremu nyepesi ya aluminiamu mwachie mwenyewe, kwani vijiti vyako vya kuchomelea havisikilizani nayo. Bomba la maji lililopakwa zinki lisage mpaka zinki iishe pale unapotaka kuunga, maana moshi wake mweupe humlaza mtu na homa usiku. Utasema umezoea. Mapafu hayazoei, papa.

4. Magurudumu
Baiskeli ikikata kona hulala, na uzito unabaki ndani ya mstari wa gurudumu. Trisikli hailali. Kila kona inasukuma rimu kwa ubavu, na spoki zinalia. Ndiyo maana gurudumu la mbele la baiskeli ya kawaida, ukilipeleka nyuma ya trisikli, laweza kujikunja kama chapati. Baiskeli nyingi za mtindo wa zamani wa Kiingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Nyuma ya trisikli yako weka mawili ya 40, au madogo ya inchi 20, kwa kuwa spoki fupi ni kaidi.

Halafu kuna makoro, yale mawe ya lava. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ile ya 22 Mei 2021 ikaishia Buhene, ukingoni mwa mji. Jiwe la namna hiyo hula tairi kama mbuzi anavyokula kabichi ya jirani. Kata mkanda wa tairi kuukuu, uulaze kati ya tairi na tyubu. Ukiweza, magurudumu yote yawe saizi moja, ili tyubu moja ya akiba itibu yote matatu.

3. Cheni na kona
Tuseme magurudumu ya nyuma yameachana sentimita 80. Ukizunguka duara moja kamili, la nje linatembea takriban mita 5 zaidi ya la ndani, duara liwe dogo au kubwa. Sasa yafunge yote mawili kwenye ekseli moja isiyokubali yapishane, uone yanavyovutana kama ndugu kwenye urithi. James Starley wa Coventry, Uingereza, alitatua ugomvi huo kwa gia maalum mwaka 1877, kwa ajili ya trisikli. Sisi hatuna haja ya gia hiyo: nyuma kila gurudumu lizunguke kivyake, na cheni ivute la mbele.

Siri iko hapa. Kitovu cha mikono ya kuzungusha kichomelewe juu ya foki yenyewe, kisichomelewe kwenye fremu. Foki ikigeuka, cheni inageuka nayo, haichomoki. Na ile mikono miwili ya kuzungusha, ambayo kwenye baiskeli ya miguu hupishana, hapa iende pamoja. Ikipishana, mkono mmoja unasukuma huku mwingine unavuta, na usukani unayumba njia nzima.

2. Breki
Kutoka Majengo kwenda ziwani ni mteremko. Kwenda, mlima unakusaidia. Kusimama, hakuna anayekusaidia. Weka breki mbili. Ya kwanza ishikwe bila kuachia mikono ya kuzungusha. Ya pili iibe akili ya chukudu: kipande cha tairi kinachokandamiza gurudumu, ila hapa kwa mpini wa mkono, wenye ndoano ya kuufungia. Trisikli isiyofungwa huondoka peke yake, na haiagi.

1. Mwenyewe
Mwaka 1655, karibu na Nuremberg, Ujerumani, fundi saa Stephan Farffler, ambaye miguu yake haikumbeba, alijitengenezea kiti cha magurudumu matatu cha kuzungusha kwa mikono. Alikuwa na bahati moja kubwa: mteja wake alilala naye, akaamka naye, akala naye.

Wewe huna bahati hiyo, basi mwite mteja wako. Aketi kwenye kiti kile ulichokata, mgongo umeegemea. Chukua kamba. Pima kutoka kwenye mgongo wa kiti hadi ngumi yake, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo: hapo ndipo mkono wa kuzungusha uishie unapokwenda mbali. Azungushe hewani, uone kama ngumi inagonga paja. Muulize bega gani linauma, anabeba nini, na mara ngapi kwa siku. Pima pia mlango wa nyumba yake, kwa sababu trisikli inayolala nje huamkia kwa jirani. Funga mafundo kwenye kamba, fundo moja kwa kila kipimo, uitundike ukutani.

Sasa washa mtambo wako, papa.